Nani Anamtazama Nani?

Juzi usiku nimewasha TV nitazame taarifa ya habari, ikakataa. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imejisasisha mchana tukiwa kazini, na sasa ilitaka nikubali masharti mapya kwanza. Nikasimama na rimoti, nateremsha mstari baada ya mstari kama mtu anayesoma hati ya kuuza shamba la babu yake. Chini kabisa, kitufe cha "Nakubali Yote" kinang'aa bluu. Cha kukataa kimefifia, na ukikibonyeza kinakutupa kwenye menyu nyingine. Hadi namaliza, habari zimekwisha. Badala yake nikakaribishwa na tangazo la gari, kubwa kuliko picha yangu ya harusi iliyo juu yake.

TV nimenunua mimi, umeme nalipa mimi. Hilo tangazo kalipwa nani?

Kisha ukaja ule ukurasa wa "Nani anatazama?" Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Mwanangu, hiyo inataka kujua ya nini?" Nikacheka, nikamweleza kwamba ni ya kutenganisha katuni za wajukuu na vipindi vyetu. Akaniangalia tu. Na mimi usingizi ukanipaa.

Maana mama kauliza swali lenyewe. Runinga janja nyingi siku hizi zina programu ya kutambua kinachoonyeshwa. Inachota vipande vya picha kwenye skrini, inavigeuza kuwa kitu mfano wa alama ya kidole, kisha vinalinganishwa huko kwenye seva na hifadhi kubwa ya filamu, vipindi na matangazo. Haijali picha imetoka wapi: king'amuzi, deki ya DVD, chochote ulichochomeka kwa waya wa HDMI. Kikulacho ki sebuleni mwako, tena umekitundika mwenyewe kwa skrubu nne.

Mnasema natia chumvi? Haya. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio, watengenezaji wa TV wa Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey. Madai yalikuwa kwamba tangu Februari 2014 ilikusanya, sekunde kwa sekunde, taarifa za kilichotazamwa kwenye TV milioni 11 bila wenyewe kuridhia, kisha ikaziuza. Piga hesabu: senti 20 za dola kwa kila TV. Bei ya peremende! Na mwaka 2024 Walmart, wenye maduka makubwa ya Marekani, ikainunua kampuni hiyohiyo kwa dola bilioni 2.3 hivi, ikisema wazi kwamba inataka kukuza biashara yake ya matangazo. Mwenye duka hakufuata vioo.

Sawa, picha ni nzuri. Nakubali, shingo upande. Skrini ya 4K ina nukta za picha zaidi ya milioni 8, na kwenye skrini za aina ya OLED giza ni giza kweli, kwa sababu kila nukta ina mwanga wake na inaweza kuzimika kabisa. Ingawa hata hapo kuna kiherehere: filamu imepigwa fremu 24 kwa sekunde, TV inajitungia nyingine za katikati, na msiba wa kwenye filamu unaonekana kama mazoezi ya mchezo wa kuigiza.

"Si ukatae masharti tu?" Jamani. Mlango wa kukataa umefichwa makusudi, halafu nalaumiwa mimi kwa kutouona.

Jana nilitafuta hicho kidudu cha kutambua tunachotazama mpaka nikakipata, menyu tatu chini, kimejificha nyuma ya jina tamu: huduma ya kuboresha utazamaji wako. Nikakizima. Leo asubuhi TV imejisasisha tena. Bado sijapata moyo wa kwenda kuangalia.