Kopo la vitamini halina jua ndani yake

Unga wa kalsiamu ni rahisi, taa ya UVB, ile inayotoa miale ya kutengeneza vitamini D kama jua, ni ghali, na hapo ndipo mikasa ya kobe wengi wa kufugwa huku Uingereza inapoanzia. Mzazi anamnunulia mtoto kobe, muuzaji anamtolea kopo, "mnyunyizie kwenye chakula," basi mzazi anaondoka akijua kila kitu kimekamilika. Taa atanunua mshahara ukitoka. Mshahara unatoka, unaisha, taa haijanunuliwa.

Najua kuna watakaonuna, lakini msimamo wangu ni kwamba unga ndio wa mwisho kwenye foleni. Mbele yake kuna mwanga, joto na majani ya kufaa. Hivyo vitatu vikikosekana, sehemu kubwa ya kalsiamu unayomnyunyizia inapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukahamia huku tunalijua jambo hili kwa miili yetu wenyewe. Ushauri rasmi wa afya Uingereza ni kwamba kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la huku ni la kupigia picha tu. Linang'aa, lakini miale inayotengeneza vitamini hiyo haitufikii ya kutosha. Nyumbani mama anaambiwa kliniki amwoteshe mtoto jua asije akapata matege, naye anatoka nje na kanga yake, mambo yamekwisha. Matege ya kobe nayo yapo, ila yeye yanamshika mpaka kwenye gamba.

Wangu ni kobe wa madoa, wa jamii ileile unayoikuta ikivuka barabara huko Dodoma au Tsavo. Yeye kaanguliwa huku, na wazazi wake pia ni wa kufugwa. Wenzake wa Mediterania hulala majira ya baridi yote. Huyu wa kwetu halali. Desemba nzima yuko macho, anadai chakula, anakua, na kila wiki mwili wake unajenga mfupa mpya. Kwa hiyo miezi ambayo jua halina msaada ndiyo hiyohiyo anayoihitaji kalsiamu kama kawaida.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ngozini mwake kuna kemikali ambayo ikipigwa na miale ya UVB, ile ya kati ya nanomita 290 na 315 hivi, inaanza kugeuka, kisha joto linaimalizia kuwa vitamini D3. Hiyo D3 inapita kwenye ini, halafu kwenye figo, na ikitoka huko ndipo inauambia utumbo unyonye kalsiamu. Mlolongo ukikatika popote, damu inapungukiwa kalsiamu, na mwili unaanza kuikopa kwenye mifupa. Joto nalo si pambo. Kobe hajitengenezei joto la mwili kama sisi, na akiwa wa baridi hata chakula hakisagiki vizuri tumboni. Mahali pake pa kuota panatakiwa pawe na nyuzi kama 35 za Selsiasi, na kando yake pawe na kivuli cha kukimbilia.

Halafu kuna dirisha. Kioo cha kawaida cha nyumba kinazuia karibu UVB yote. Kobe aliyewekwa dirishani anapata joto na anapata mwanga wa kuonea. Vitamini D hapati. Mbaya zaidi, sanduku la kioo likipigwa na jua la Julai linaweza kumchemsha akafa.

Jamaa mmoja aliwahi kuniita nikamwangalie kobe wa mwanawe. "Dada, anakula vizuri tu, ila hataki kutembea." Nikamkuta kwenye sanduku la kioo, dirishani, juu yake globu ya kawaida ya mezani. Kwenye sahani kulikuwa na tango, nyanya na kipande cha ndizi, vyote vimepakwa unga mweupe kama samaki anayesubiri mafuta yachemke. Nikamgeuza taratibu na kumbonyeza gamba la chini kwa kidole gumba. Likabonyea. Miguu ya nyuma alikuwa anaiburuta, hainyanyuki. "Lakini unga tunampa kila siku," baba mtu akasema, akanionyesha kopo, na kweli lilikuwa limeshaliwa zaidi ya nusu. Nikamwambia achukue koti twende kwa daktari wa wanyama siku ileile, kwa sababu kobe aliyefikia hapo hatibiwi kwa ushauri wa simu. Alipigwa eksirei, akaanzishiwa kalsiamu ya kunywa, baba akanunua taa. Leo anatembea. Gamba limekuwa gumu, ila umbo lake limebaki la kombo na halitanyooka tena.

Ile sahani nayo ilikuwa na kesi yake. Mfupa haujengwi kwa kalsiamu kuingia tu, inategemea pia fosforasi inayoingia pamoja nayo. Kwa kobe tunataka kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi. Gramu 100 za ndizi zina takriban miligramu 5 za kalsiamu na 22 za fosforasi. Nyanya ni 10 kwa 24. Vyote viwili vimegeuza hesabu juu chini. Sasa chukua dandelioni, lile gugu la maua ya njano ambalo majirani zangu wanalipiga dawa: kama 187 kwa 66, na linaota bure. Mimi nachuma mahali ambapo najua hapajapuliziwa kitu wala hapapitishwi mbwa.

Kila nikisema hivi kuna mtu anauliza, na mchicha je? Mchicha una kalsiamu nyingi kweli, ila pia una oksalati nyingi, na oksalati huishika kalsiamu isinyonywe. Spinachi ni hivyohivyo. Si sumu. Mpe mara mojamoja, usiufanye ugali wake wa kila siku. Majani ya mpungate, yakishaondolewa miiba, ni bora zaidi.

Porini hakuna makopo, na kobe wa madoa hawakosi akili. Wanatafuna mifupa iliyokauka, na wameonekana wakila hata kinyesi cha fisi, kile kinachokuwa cheupe kwa sababu ya mifupa aliyoisaga. Ndiyo maana kiongezacho ninachokipenda kuliko vyote ni mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa pwani na ambao huku wanawauzia wenye ndege. Ni kalsiamu kabonati kwa sehemu kubwa. Nauweka kwenye kona yake na kuuacha hapo. Wiki nyingine hautazami. Halafu siku moja unamsikia anaukwangua, unakuta alama za mdomo pembeni na vumbi jeupe kidevuni. Anajipimia mwenyewe, na mimi sina wasiwasi wa kumzidishia.

Kuzidisha kupo, na ndiko kunakonifanya niyaogope makopo ya "vitamini zote kwa pamoja". Kalsiamu kabonati tupu ina nafasi kubwa ya makosa. D3 ya kopo na vitamini A havina. D3 ikizidi, kalsiamu inaanza kujijenga mahali pasipotakiwa, kwenye mishipa na figo. Vitamini A ya sindano ilishawaumiza kobe wengi, ngozi ikibanduka na kuacha nyama wazi, na mara nyingi mgonjwa hakuwa na upungufu wowote, maana kobe anayekula majani ya kijani huitengeneza mwenyewe kutokana na majani hayo. Upungufu huo ni ugonjwa wa jamaa zake wa majini zaidi kuliko wake. Kwa hiyo mimi huloanisha majani kidogo ili unga ushike, natia chembe za kalsiamu tupu mara chache kwa wiki, na kopo la vitamini naligusa kwa nadra sana.

Wapo watakaonitajia Jonathan, yule kobe mkubwa wa kisiwa cha Saint Helena anayekadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832. Daktari wa wanyama Joe Hollins alimkuta mdomo umekuwa butu, akaanza kumlisha kwa mkono kila wiki matunda na mboga, na mdomo ukarudi kuwa mkali. Si ushahidi kwamba kiongezacho kinafanya kazi? Ni ushahidi, ila Jonathan anashinda kwenye nyasi chini ya jua la tropiki mwaka mzima. Vile alivyoongezewa vilikuta msingi upo, tena vilikuwa chakula, si poda.

Na lawama zote tusiibebeshe kalsiamu. Zile nundu za gamba zinazosimama kama piramidi, watu huzikimbilia kwa unga. Watafiti Wiesner na Iben walichapisha mwaka 2003 utafiti wao juu ya vifaranga 50 vya kobe wa sulcata, aina kubwa ya Afrika, waliolelewa miezi mitano: kilichochangia zaidi nundu ni ukavu wa hewa, protini ya chakula ilikuwa na athari ndogo. Kumwogesha kwenye maji ya vuguvugu na kumpa udongo wenye unyevu hakugharimu kitu.

Walio Tanzania na Kenya huniuliza wapate wapi unga. Ndugu zangu, nyie mna jua la bure. Mtoeni kobe kwenye ndoo, mjengeeni uzio uani wenye majani na kivuli. Na kama aliokotwa porini, kabla ya habari za vitamini kuna habari ya kibali, kwa sababu wanyamapori wanalindwa kisheria nchi zote mbili.

Huku kwetu, mkishanunua taa, someni kwenye boksi mtengenezaji anataka iwe umbali gani kutoka kwa mnyama, na msiifunike kwa plastiki. UVB hufifia miezi mingi kabla ya taa kuzimika, na jicho halioni tofauti. Yangu nimeiandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na ikitimiza mwaka naibadilisha hata kama bado inawaka vizuri.