Data za vinasaba: tuziweke wazi, lakini kwa masharti yetu

Ukiwa na intaneti tu, unaweza kupakua jenomu, yaani mpangilio wote wa DNA, za Waluhya wa Webuye, Kenya. Zimo kwenye Mradi wa Jenomu 1,000, hazina ya kimataifa iliyo wazi kwa wote, kwa alama ya LWK, bila majina ya wenyewe, na mtafiti wa Boston au Beijing anazitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi hilo haliniudhi. Linaloniudhi ni kwamba Waafrika katika kanzidata za namna hiyo bado ni wachache mno.

Uchache huo umeumiza watu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba Wamarekani Weusi kadhaa waliwahi kuambiwa wana kasoro ya jeni inayonenepesha misuli ya moyo, ugonjwa ule unaoweza kumwangusha kijana uwanjani. Kumbe mabadiliko yale ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Yalidhaniwa ni hatari kwa kuwa watu wazima wa afya waliotumika kulinganishia hawakuwa na Weusi wa kutosha. Na kosa lenyewe liliumbuliwa na data za wazi, zilipoanza kuwa na watu wetu.

Kwa hiyo wanaosema tufunge milango siwaungi mkono. Ila wanaotaka kila kitu kiwekwe hadharani papo hapo nao wananichosha. Kanuni za Bermuda za mwaka 1996, makubaliano ya waliokuwa wakisoma jenomu ya binadamu, zilitaka vipande vya DNA vya zaidi ya herufi 1,000 vitolewe ndani ya saa 24. Kwa maabara zao kubwa, sawa, mashine na wachambuzi walikuwa nao. Lakini mtu aliyezunguka vijijini miaka kadhaa akieleza watu ridhaa na kuchukua damu yao, akipakia data leo, mwenye seva kubwa atamtangulia kuchapa matokeo.

Ndiyo maana naupenda utaratibu wa H3Africa, mradi wa utafiti wa jenomu na afya barani Afrika uliomalizika mwaka 2022: data zilishirikishwa, ila aliyekusanya alipewa muda wa kuchapa kwanza, na aliyezitaka aliziomba. Wapo wanaouita ubahili. Mwaka 2020 mradi huo ulichapisha uchambuzi wa jenomu 426 kutoka makundi 50 ya kikabila na kilugha, ukaibua zaidi ya tofauti milioni 3 za vinasaba ambazo hazikuwa zimeripotiwa. Ubahili gani huo?

Vyuo vyetu navyo vijirekebishe. Mhadhiri aliyeandaa data safi inayotumiwa na dunia nzima ahesabiwe hiyo kazi anapoomba kupandishwa cheo, sawa na makala iliyochapwa.