Vitanda 300 vya Lamu, Vitanda 300 vya Nairobi

Katikati ya mwaka 2020, korona ikianza kushika kasi, kila kaunti ya Kenya ilitakiwa iwe na vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Magavana waliochelewa wakaonekana wazembe. Wapo waliostahili lawama, sikatai. Huduma za afya zimo mikononi mwao tangu 2013. Tena agizo la idadi moja ni rahisi kulifuatilia: umefika 300 au hujafika.

Ila hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro. Kwa sensa ya 2019, Lamu ilikuwa na watu 143,920, Nairobi 4,397,073. Yaani kitanda kimoja kwa watu 480 huku, na kwa watu zaidi ya 14,600 kule. Ukisoma karatasi tu, utadhani Mlamu kapendelewa.

Sasa ingia wodini. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuhitaji lita 15 za oksijeni kwa dakika. Mtungi mkubwa wa chuma hubeba lita 6,800, basi kwa saa saba na nusu umekwisha. Mtu mmoja humaliza mitungi mitatu na ushei kwa siku. Wagonjwa kumi, mitungi 32. Kama hospitali ya kisiwani Lamu haina mtambo wake wa oksijeni, kila mtungi hushushwa garini Mokowe, upande wa bara, ukapakiwa chomboni, ukavushwa, ukabebwa tena hadi wodini. Halafu mitupu irudishwe ikajazwe. Na usiku wa manane awepo muuguzi wa kuitazama geji kabla mshale haujagusa sifuri. Godoro halifanyi kazi hiyo.

Wanaotaka huduma za wagonjwa mahututi zibaki miji mikubwa wana hoja nzito. Watafiti walikadiria mwaka huo kwamba nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia, na ni kaunti 22 tu kati ya 47 zenye japo kitengo kimoja. Madaktari bingwa ni wachache. Ukiwatawanya, hakuna kitengo kitakachosimama. Nakubali. Lakini kutoka Mandera hadi Nairobi ni karibu kilomita 1,000, na asiyepata oksijeni Mandera hafiki huko kwenye ICU.

Gavana ambaye angejenga mtambo wa oksijeni, akaajiri wauguzi, kisha akaishia na vitanda 80, kwa kipimo kile angehesabiwa kuwa ameshindwa.