Kodi ya mauzo Marekani: haki ya majimbo, mzigo wa muuzaji mdogo

Anayeuza vitenge, khanga na viungo kupitia tovuti yake akiwa Houston au Columbus hukutana na kodi isiyofanana na VAT aliyoizoea nyumbani. Kenya ina kiwango cha kawaida cha 16% na mamlaka moja ya mapato, KRA. Tanzania Bara ni 18%, na hata ukiongeza Zanzibar yenye ZRA yake, unabaki na mamlaka mbili tu za kushughulika nazo. Marekani haina VAT ya taifa. Ina kodi ya mauzo, na kila jimbo hujiamulia lake: majimbo 45 pamoja na Washington D.C. yanaitoza, huku Delaware, Montana, New Hampshire, Oregon na Alaska yakiwa hayana kodi ya namna hiyo ya jimbo zima, ingawa Alaska baadhi ya miji hutoza yake. Chini ya jimbo kuna kaunti, miji na wilaya maalumu, ambazo katika majimbo mengi huongeza asilimia zao. Anayeilipa ni mnunuzi wa mwisho. Muuzaji huikusanya na kuipeleka serikalini, na fedha hiyo haihesabiwi kuwa yake hata siku moja.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Jimbo ambalo huna duka, ghala wala mfanyakazi lina haki gani ya kukufanya mkusanyaji wake wa kodi?

Kwa nusu karne jibu lilikuwa kwamba halina. Mwaka 1967, katika kesi ya National Bellas Hess iliyohusu biashara ya kuagiza bidhaa kwa posta, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo, na mwaka 1992 ikarudia msimamo huo katika kesi ya Quill dhidi ya North Dakota. Kisheria mnunuzi hakusamehewa: alitakiwa alipe mwenyewe kodi ya matumizi kwa bidhaa iliyotoka nje ya jimbo lake. Waliofanya hivyo walikuwa wachache mno. Kisha ikaja intaneti, na pengo lililokuwa dogo enzi za posta likawa kubwa.

South Dakota ndilo jimbo lililoivunja kanuni hiyo. Halitozi kodi ya mapato, kwa hiyo huduma zake hutegemea sana kodi ya mauzo, na lilikadiria kwamba linapoteza kati ya dola milioni 48 na 58 kila mwaka. Mwaka 2016 likatunga sheria: muuzaji wa mbali anayeuza humo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au anayefikisha mauzo 200 tofauti, lazima akusanye kodi. Kampuni za kuuza mtandaoni za Wayfair, Overstock na Newegg zilipinga. Tarehe 21 Juni 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ikaipa South Dakota ushindi. Tangu hapo kinachoangaliwa si tena mahali ulipoweka mguu, bali kiasi unachouza. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, Florida mwaka 2021 na Missouri likiwa la mwisho, Januari 2023.

Naamini majaji watano walioshinda, akiwemo Anthony Kennedy aliyeandika hukumu, walikuwa sahihi katika msingi. Kanuni ya zamani ilimpa nafuu mtu kwa sababu tu hakufungua duka, na ikamwadhibu aliyefungua. Mchukulie mama mwenye duka la nguo za Kiafrika mjini Columbus. Analipa pango, anaajiri vijana wa mtaani, na kila bidhaa inayotozwa kodi anaikata kodi hiyo kaunta. Mteja anaingia, anapima, anashika, kisha anaenda kuagiza bidhaa ileile kwa muuzaji wa jimbo jingine kwa bei pungufu, na upungufu wenyewe si ubora wala bidii bali ni kodi isiyokatwa. Huo haukuwa ushindani wa haki. Na fedha iliyopotea ndiyo iliyotakiwa kulipia barabara ambazo gari la kupeleka vifurushi linapita.

Lakini majaji wanne waliopinga, wakiongozwa na Jaji Mkuu John Roberts, hawakuwa wakitetea ukwepaji. Roberts alikiri kwamba kanuni ya zamani ilikosewa tangu mwanzo, ila alisema kuirekebisha ni kazi ya Bunge la Marekani, kwa sababu Bunge ndilo linaloweza kupima mzigo na kuweka masharti. Mzigo aliueleza kwa mifano. Nchi ina zaidi ya mamlaka 10,000 zinazotoza kodi ya mauzo. Huko Illinois, chokoleti ya Twix ni chakula kwa sababu ina unga wa ngano, Snickers ni peremende kwa sababu haina, na kodi zao hazilingani. New Jersey, uzi wa kufuma sweta hautozwi kodi, lakini uzi uleule ukienda kwenye kazi ya sanaa unatozwa.

Ipeleke mantiki hiyo kwenye kitenge. Mteja mmoja atakishona gauni, mwingine atakifanya kitambaa cha meza. Khanga je, ni vazi au ni kitambaa? Swali hilo lina pesa ndani yake, maana New York haitozi kodi yake ya jimbo kwa vazi linalouzwa chini ya dola 110, Pennsylvania haitozi nguo nyingi za kawaida, na California inatoza. Muuzaji mmoja, bidhaa moja, majibu matatu, na akikosea kwa kutoza pungufu, tofauti inaweza kutoka mfukoni mwake.

Kwenye vizingiti, yaani viwango vya mauzo vinavyokulazimu kukusanya kodi, udhaifu unaonekana wazi zaidi. Dola 100,000 ni kiasi cha heshima, na California na Texas zimeweka dola 500,000. Tatizo kubwa lilikuwa mauzo 200. Mtu anayeuza hereni za shanga za dola 15 hufikisha mauzo 200 akiwa na dola 3,000 tu mkononi. Kodi ya 6% juu ya kiasi hicho ni dola 180. Kwa ajili ya dola 180 anatakiwa ajisajili, anunue programu ya kukokotoa viwango na awasilishe ritani, hata ya sifuri kwa kipindi ambacho hakuuza kitu. Gharama ya kutii inapita kodi yenyewe, na jimbo nalo linatumia watumishi kushughulikia karatasi za fedha ndogo. South Dakota yenyewe iliifuta hesabu ya mauzo 200 Julai 2023, na majimbo kama Indiana, North Carolina na Wyoming yakafuata mwaka 2024. Yaliyobaki nayo hayana hoja ya kuridhisha.

Watetezi wa utaratibu wa sasa watasema masoko ya mtandaoni yameshalitatua jambo hili. Kwa sehemu ni kweli. Ukiuza kupitia Amazon, Etsy au eBay, sheria inazitaka kampuni hizo zikusanye kodi na kuipeleka badala yako, na kwa fundi wa nyumbani hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, nafuu hiyo ina bei, na naona haizungumzwi vya kutosha. Anayetaka kujitegemea, awe na tovuti yake na awajue wateja wake, ndiye anayebaki na mzigo wote. Anayekubali kuwa chini ya soko kubwa na kulikatia kamisheni ndiye anayepumzika. Kodi iliyokusudiwa kuleta usawa inawasukuma wadogo mikononi mwa wakubwa. Tena nafuu yenyewe haijakamilika. Baadhi ya majimbo huhesabu mauzo ya sokoni kwenye kizingiti chako, mengine hayahesabu. Na ukihifadhi bidhaa kwenye ghala la Amazon ndani ya jimbo fulani, jimbo hilo linaweza kudai kwamba una mguu hapo hata kama hujafika kizingiti. Pennsylvania ilijaribu hoja hiyo na mwaka 2022 mahakama moja ya jimbo ikaikataa, lakini uamuzi huo hauyafungi majimbo mengine.

Kuna jambo ambalo majimbo huliacha nyuma yanapoitaja hukumu ya 2018. Kennedy alipoeleza kwa nini sheria ya South Dakota inaonekana kuwa ya haki, alitaja mambo matatu: wadogo waliachwa nje, kodi haikudaiwa kwa miaka iliyopita, na jimbo lilikuwa mwanachama wa mkataba wa zaidi ya majimbo 20 wa kurahisisha kodi ya mauzo, wenye maana zinazofanana, usajili wa pamoja na programu inayolipiwa na majimbo yenyewe. California, Texas, New York na Florida hayamo kwenye mkataba huo. Yamechukua haki ya kukusanya na kuliacha lile jambo la tatu, na kwa muuzaji mdogo hilo ndilo lingemsaidia zaidi.

Aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anayesafirisha moja kwa moja kwa wateja wa Marekani asidhani umbali unamkinga. Vizingiti vya majimbo havibagui muuzaji wa ng'ambo, na mikataba ya kodi ya mapato kati ya nchi na nchi kwa kawaida haigusi kodi ya mauzo ya jimbo. Kwa anayegundua amechelewa, kunyamaza ni hatari, kwa sababu kipindi ambacho hukuwasilisha ritani kwa kawaida hakipitwi na wakati, na mwenye kampuni anaweza kudaiwa yeye binafsi. Majimbo mengi yana utaratibu wa kujitokeza kwa hiari, ambao hupunguza miaka ya kudaiwa hadi mitatu au minne na kufuta faini, mradi ujitokeze kabla maofisa wa kodi hawajakuandikia. Wala usianze kuwatoza wateja kodi kabla ya kujisajili; hilo nalo ni kosa.

Dawa ya kudumu iko Bungeni, na si ngeni. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha kwa kura 69 dhidi ya 27 muswada ambao ungeyapa majimbo haki hii kwa sharti la kurahisisha taratibu zao, na ungewaacha nje wauzaji ambao mauzo yao ya mbali nchini kote hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Kizingiti kimoja cha taifa cha namna hiyo, pamoja na usajili mmoja unaotambuliwa na majimbo yote, kingemlinda yule mama wa Columbus bila kumzika muuza hereni chini ya ritani.