Rock Imo Kwenye Mkono Unaopiga

Kijana wa Malindi akishika gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, anachokitafuta si wimbo, ni rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia na kuutambulisha wimbo. Na rifu yenyewe mara nyingi ni ile ya “Smoke on the Water” ya bendi ya Deep Purple, kwa sababu kila mtu anaijua na kila mtu anadhani ni rahisi. Ukipita barazani Maweni au Barani ukaisikia, freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, zote ziko sawa, lakini bado unajiuliza huo ni wimbo gani. Msimamo wangu ni huu: tumeutukuza mno mkono unaobana nyuzi, tukausahau unaozipiga. Kwenye rock mkono wa kushoto unataja noti tu. Kazi iko kulia, na nusu ya kazi hiyo ni kunyamazisha. (Anayetumia shoto ageuze maneno yangu, asinilaumu.)

Tuuchukue wimbo huohuo tuufungue kama fundi wa boti anavyofungua injini, kipande kimoja kimoja.

Umo kwenye albamu ya Machine Head ya mwaka 1972, na mpigaji gitaa ni Ritchie Blackmore. Rifu iko kwenye nyuzi mbili tu, D na G, yaani wa nne na wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba. Zote mbili hubanwa freti moja na kupigwa pamoja (“wazi” ni bila kubana): wazi, 3, 5, kisha wazi, 3, 6, 5, kisha wazi, 3, 5, 3, wazi. Laza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote mbili kwa freti ya 3, cha tatu kwa ya 5, na kwa ya 6 kitelezeshe hichohicho cha tatu mbele kisha kirudi.

Kosa la kwanza la barazani ni kuihamishia rifu kwenye uzi mnene wa E, freti ya 3, 6 na 8, na kupiga zile kodi (noti zinazolia pamoja) za nyuzi mbili ambazo kila anayeanza rock hufundishwa. Ukimuuliza atakwambia noti ni zilezile. Kwa jina, ndiyo. Lakini katika rifu ya asili G iko juu na D iko chini yake, umbali wa noti nne. Ukigeuza, G ikakaa chini na D juu, umbali unakuwa wa noti tano, na sauti inanenepa na kutulia. Ile ya nne haitulii, inaning'inia. Ukali unaousikia kwenye rekodi umeanzia hapo, kabla hata ya kufika kwenye waya wa ampu.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni la hesabu. Weka gitaa chini, hesabu kwa mdomo: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Piga makofi kwenye “moja”, “mbili” na “tatu”. Hizo ni wazi, 3, 5 za mwanzo. Sasa angalia: ile “wazi” ya pili haingoji “moja” ya mzunguko unaofuata. Inaingia mapema, kwenye “na” iliyo baada ya “nne”. Freti ya 3 inakuja kwenye “na” baada ya “moja”, ya 6 kwenye “na” baada ya “mbili”, na ya 5 ndiyo inayorudi ardhini, kwenye “tatu”. Mzunguko wa tatu unaanza kama wa kwanza, moja, mbili, tatu, halafu freti ya 3 inaruka kwenye “na” ya mwisho, na “wazi” ya kumalizia inaangukia “na” baada ya “moja” ya mzunguko wa nne. Wengi huzipiga zote juu ya pigo, kama wanapanda ngazi, na hapo ndipo rifu inapokufa. Asiyeweza kuipiga makofi bila gitaa hataipiga na gitaa. Mapigo ya rekodi ni kama 112 kwa dakika. Anza na metronomu ya simu, ile programu ya kugonga mapigo, kwenye 60, uongeze manne manne pale tu ambapo umeirudia mara kadhaa bila kuteleza.

Halafu kuna suala la piki, kile kibao chembamba cha kupigia nyuzi. Blackmore hapo haitumii. Anazidonoa nyuzi mbili kwa vidole, zote kwa mpigo mmoja. Gumba kwenye D na kidole cha shahada kwenye G vitakutosha. Sababu ni ya kimakanika kabisa: piki ikishuka inaugusa D kwanza, kisha G, na ule mwanya mdogo, ukishatiwa distoshoni (ule mkwaruzo wa ampu), unasikika kama kasoro. Vidole vikidonoa pamoja hakuna wa kwanza wala wa pili.

Na kunyamazisha? Tazama kinachotokea unapotoka freti ya 5 kurudi wazi. Ukinyanyua kidole kwa haraka nyuzi zinalia zenyewe kabla hujazipiga. Kwa hiyo legeza mkandamizo kwanza, kidole kikiwa bado kimegusa nyuzi, sauti ife, ndipo unyanyue na kudonoa. Uzi wa A na wa B nao hutetemeka kwa kusikia wenzao: ncha ya kidole kinachobana iuguse A kidogo tu, na tumbo la kidole hichohicho lilale juu ya B. “Wazi” ile ya mwisho izime kwa kiganja kabla rifu haijaanza tena, ili “moja” iangukie kwenye ukimya. Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote halina noti hata moja: funika nyuzi zote kwa mkono wa kushoto bila kubana, ucheze wimbo mzima hivyo, unasikika ule mgongano mkavu tu. Mtu aliye chumba cha pili akitambua ni wimbo gani, mkono wako umeiva.

Sasa tuje kwenye uongo mkubwa, kwamba rock ni distoshoni. Kijana anasikia rekodi nene, anazungusha kitufe cha gaini, kile cha kukoleza distoshoni, hadi mwisho, anapata mvumo wa nyuki. Unene ule si wa gitaa peke yake. Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi hiyo, anaifuata rifu ileile kwa kinanda chake cha Hammond kilichopitishwa kwenye ampu ya Marshall na kukwaruzwa vilevile. Gitaa linaanza peke yake, haihati (matoazi mawili ya dramu) na kinanda vinaungana nalo, dramu zilizobaki zinaingia, kisha gitaa la besi. Unachojaribu kukipata kwa kitufe kimoja kilihitaji watu wengine watatu. Gaini 4 kati ya 10 ni nyingi ya kutosha. Sauti za kati panda hadi 6 au 7, besi usizidishe 4, hasa kwenye chumba cha sakafu ya saruji na kuta tupu, ambako sauti nzito hurudi na kurundikana. Nyanyua ampu uiweke juu ya kiti, iwe mbali na pembe ya chumba. Ikiwa inavuma na mvumo unapungua ukigusa nyuzi, tatizo ni umeme wa nyumba kukosa ardhi au kinga mbovu ndani ya gitaa. Mwite fundi, usizoee. Na adhana ikianza, zima. Hilo halihitaji maelezo.

Baada ya rifu, wengi hawana kitu. Wimbo una beti na una kiitikio, jamani! Beti zimekaa kwenye G zikigusa F na kurudi. Kiitikio kinakwenda C, kisha A flati, kisha nyumbani G. Kodi za nyuzi mbili zinafaa hapo: C iko freti ya 3 ya uzi wa A, A flati freti ya 4 ya uzi wa E, G freti ya 3, F freti ya 1. Dakika kumi za kazi, si zaidi. Kinachochukua muda ni kuzipiga sawasawa, na kwa hilo mwalimu bora ni besi. Inapoingia mwanzoni inagonga G moja tu bila kupumzika, mara nane katika kila mapigo manne. Icheze sehemu hiyo kwa gitaa: uzi wa E, freti ya 3, piki ikishuka tu bila kupanda, ubavu wa kiganja ukiwa umelala juu ya daraja pale nyuzi zinapoanzia. Ukikisogeza kiganja sentimita moja mbele, noti inakufa kabisa. Ukikirudisha nyuma mno, inalia wazi. Sehemu sahihi ni nyembamba, na kila gitaa lina yake.

Hapa pwani kuna jambo linalotusaidia na linalotukwamisha kwa pamoja. Mkono uliolelewa na chakacha unasikia sita-nane hata usingizini. Ukiachiwa huru kwenye mapigo manne ya rock, unaanza kuyumba, zile “na” zinachelewa kidogo kama zinacheza kiuno. Ni utamu wake, lakini si hapa. Aliyepitia udi naye ana mazoea ya kuujaza ukimya: noti ndefu ataitetemesha ili isife. Kwenye rock noti ndefu iache ife. Tunachowazidi wengine ni sikio. Muziki wa taarabu umepita kwa wengi kwa kusikiliza na kurudia, bila karatasi, na ndiyo maana sielewi kijana wa huku anapokesha anatafuta tabo (maandishi ya freti za kubana) mtandaoni, nyingi zikiwa zimeandikwa na mtu anayebahatisha kama yeye.

Sikiliza rekodi yenyewe. Usitumie spika ya simu, haina sauti nzito na besi hutaisikia. Tumia visikizi vya waya, maana vya bluetooth huchelewa na ukicheza sambamba navyo utadhani kosa ni lako. YouTube hupunguza kasi hadi nusu bila kushusha noti. Nyimbo zenye magitaa mawili, kama za AC/DC, hutenganisha sauti: moja kulia, moja kushoto. Vaa kisikizi kimoja uandike sehemu moja, kisha geuza. Na ukiwafuata AC/DC, anza na Malcolm Young aliyeshika mapigo, si na Angus wa solo; gitaa la Malcolm, la Gretsch, halikuwa na distoshoni kubwa, na bendi yote ililala juu yake. Kabla ya yote hakikisha utyunishaji. Guns N' Roses, kwa mfano, wameshusha nyuzi zote nusu hatua, na ukicheza nao kwa gitaa la kawaida utajiona kiziwi bure.

Kuhusu nyuzi zenyewe: hewa ya chumvi ya Malindi haina huruma. Chuma kinapata kutu, uzi unakwaruza kidole, na kabla ya kukatika unapoteza tyuni, noti za freti za juu zinakosana na za chini. Pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba ukimaliza, juu na chini, na gitaa lirudi kwenye mkoba wake, lisining'inizwe dirishani linakoingia upepo wa bahari. Seti ya 10 (uzi mwembamba kuliko yote una unene wa inchi 0.010) ni nzuri kwa anayeanza. Wakati wa mvua za kusi mbao hunyonya unyevu, na kwenye gitaa la mbao lisilo la umeme nyuzi zinaweza kunyanyuka mbali na shingo. Usikimbilie kukaza fimbo ya shingo, ile ya chuma iliyo ndani yake, kabla ya kupima. Na tafadhali, gitaa la nyuzi za nailoni usilitie nyuzi za chuma. Mvuto wake ni mkubwa zaidi na daraja litang'oka na ubao wake.

Bendi nyingi za mahotelini zina gitaa moja na kinanda kimoja, na zinaogopa rock kwa sababu hiyo, ilhali wimbo huu umepangiwa watu hao hao. Mpe mpiga kinanda sauti ya ogani yenye mkwaruzo aifuate rifu. Mkiwa na magitaa mawili, yasicheze kitu kimoja mahali pamoja: moja lidonoe rifu, jingine linyamaze hadi kiitikio.

Solo nimeiacha mwisho makusudi. Uwanja wake wa kuanzia ni freti ya 3: uzi wa E mnene 3 na 6, A, D na G zote 3 na 5, B na E mwembamba 3 na 6. Hizo ni noti tano za G ndogo (G minor) zikijirudia. Zikariri kwa siku chache, kisha uhangaike na kuvuta uzi, maana hapo ndipo solo nyingi hutoka nje ya tyuni. Bana uzi wa G freti ya 5, usukume juu hadi noti ilingane na uzi wa B freti ya 3. Piga B kwanza, sikiliza, kisha vuta. Ikifika nusu njia tu, usilaumu seti ya nyuzi. Weka vidole viwili nyuma ya kile kinachosukuma, na uzungushe kifundo cha mkono badala ya kusukuma kwa ncha.