Gitaa Pembeni Kabisa: Hofu ya Mono Imemshika Asiye na Kosa

Katika studio nyingi za Nairobi utashauriwa, unapochanganya wimbo, usisogeze sauti za vyombo mbali na katikati, kwenda spika ya kushoto au ya kulia. Ushauri huo una mashiko. Wimbo utachezwa kwenye simu yenye spika moja na redio ya kibanda, ambako kushoto na kulia huunganishwa kuwa sauti moja (mono), na kwenye matatu ambamo abiria wa dirishani anasikia spika iliyo karibu naye tu. Ukilipeleka gitaa kushoto kabisa, aliyeketi kulia huenda asilipate.

Lakini chukua benga, muziki wa Kenya unaoongozwa na magitaa. Gitaa la solo na la ridhimu hucheza karibu masafa yaleyale, noti zikifukuzana. Ukiyarundika katikati pamoja na mwimbaji, yanafunikana, na hapo fundi anaanza kukata kwa ikwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza masafa fulani ya sauti, kilohezi 2 huku, 3 kule, mpaka gitaa linalia kama mkebe. Peleka moja kushoto kabisa, jingine kulia kabisa, uache besi, kiki (ngoma kubwa ya mguu) na sauti ya mwimbaji katikati. Nafasi inapatikana bila kukata kitu.

Na mono inalipunguzia nini gitaa hilo? Kwa kanuni ya kawaida, chombo cha katikati hushushwa desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila upande. Pande zikiunganishwa, kinapanda desibeli 3 juu ya kile cha pembeni. Tatu tu! Gitaa linarudi nyuma kidogo, halipotei. Bonyeza kitufe cha mono, lipandishe desibeli 1 au 1.5, kisha rudi stirio, kushoto na kulia vikiwa mbalimbali, usikize kama halijamzidi mwimbaji.

Kinachopotea kweli ni upana wa kughushi. Nakili gitaa moja, ucheleweshe nakala milisekunde 10, uitupe upande wa pili kwa kiwango kilekile: kwenye mono sauti inatobolewa katika hezi 50, 150, 250, na kuendelea kila hezi 100, kama inayotoka ndani ya bomba. Nakala iliyopinduliwa wimbi, kilele kikawa bonde, ni mbaya zaidi. Vyote viwili vinafutana, kimya. Afadhali mpigaji arekodi mara ya pili. Mikono haipigi sawasawa mara mbili, kwa hiyo mawimbi hayafutani hivyo.

Abiria wa dirishani bado ana haki yake. Pale gitaa la solo linapoongoza peke yake, lilete katikati, na kwingineko tuma mwangwi wake kidogo upande wa pili. Kuubana wimbo mzima kwa ajili yake ni kumpunja aliyevaa hedifoni kiti cha nyuma, ndani ya matatu ileile.