Trekta la ukubwa gani kwa shamba la Nyanda za Juu Kusini?

Mvua za Novemba zikianza kunukia, mjadala wa trekta hurudi vijiweni kuanzia Mafinga hadi Uyole: mwenye ekari 15 au 20 anunue la nguvu farasi 75, au la 50 linamtosha? Wengi husema kubwa. Kwa mashamba mengi ya huku naona hiyo ni fedha inayokwenda kulala, ila hoja yao ni nzito na haifai kupitwa juu juu.

Kwanza kuna mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Trekta lililoandikwa 50 likifika hapa linavuta kama 41 au 42, na ukipanda nalo Makete linapungua tena. Mnunuzi anayesoma namba ya kiwandani peke yake ameshapunjwa na mlima kabla hajawasha.

Halafu kuna muda. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, na mahindi yaliyochelewa kupandwa huonekana siku ya kuvuna. Plau ya diski tatu hukata upana wa sentimita 80 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kusimama, utamaliza ekari 5 au 6 kwa siku. Mwenye ekari 100 kwenye tambarare za Ismani atakuwa shambani karibu siku 20 kwa kulima tu, haro ya kuvunja mabonge bado. Huyo anunue la 75 au zaidi, na majirani wakimkodi litajilipa.

Lakini si wote tuko Ismani. Jirani yangu mmoja upande wa Kilolo alinunua la 75, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Shamba lake ni ekari 12 katika vipande vinne, viwili vikiwa mteremkoni. Kule mteremkoni lilikosa pa kugeuzia, na gurudumu la upande wa juu lilipoanza kunyanyuka dereva akashuka, akakataa kuendelea. Alifanya sawa kabisa. Vipande hivyo vinalimwa na ng'ombe mpaka leo.

Hapo ndipo hesabu ya farasi inapopotosha. Kwenye mteremko au udongo ulioloa, kinachovuta plau ni namna tairi zinavyoishika ardhi; zikianza kuteleza, farasi 20 za ziada huchimba mashimo tu. Kwa ekari 10 hadi 30 zenye vilima ningechukua la 50 au 55 linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililo chini kidogo na lenye mapana ya kutosha, lenye fremu ya kumkinga dereva likipinduka na mkanda wa kumshikilia ndani ya fremu hiyo. Fremu na mkanda usikubali kuviondoa ili upunguziwe bei. Watu hufa kwa matrekta yanayopinduka.

Uzito nao una gharama yake. Trekta zito likipita kwenye udongo mbichi hushindilia tabaka gumu chini ya kina cha plau, na viazi vya Umalila havipendi udongo wa namna hiyo. Kwenye miparachichi ya Rungwe na Njombe, matawi yakishatanuka, trekta dogo ndilo linalopita kati ya mistari bila kuvunja kitu. Pawatila, yaani kitrekta cha magurudumu mawili cha kushika kwa mikono, ni habari nyingine: kwenye majaruba ya mpunga Mbarali inafanya kazi nzuri, ila kwenye ardhi kavu ya mahindi inakwaruza tu.

Tofauti ya bei kati ya 50 na 75 ningeiweka kwenye haro, tela na mashine ya kupukuchulia mahindi, kwa sababu trekta lenye plau peke yake hufanya kazi wiki chache kwa mwaka. Na kabla ya kulipa, chukua futi ukapime njia ya kuingilia shambani, hasa kama kuna kidaraja cha magogo: la farasi 75 likiwa na plau yake hukaribia tani 3.